Programu ya bure isiuzwe kwa "leseni ya mwaka"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wanaotaka kucheza gemu za zamani kwenye kompyuta, na zaidi niseme na wazazi wao, maana ndio wanaotoa pesa. Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga, tangu enzi za kaseti, na PlayStation zimepita sana mikononi mwangu.

Juzi alikuja mama mmoja kutoka Makorora na mwanawe, wamebeba kompyuta ya mezani. Kijana anataka gemu za PlayStation ya kwanza. Duka moja la mjini limemwandikia bei: kadi mpya ya picha, halafu "leseni ya mwaka" ya emuleta. Mama akanyoosha ile karatasi juu ya meza yangu, akaniuliza, "Fundi, nilipe nisilipe?"

Nikamwambia usilipe, mama. Emuleta ni programu inayoifanya kompyuta iige vifaa vya mashine ya gemu. Sasa PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994. Prosesa yake, yaani ubongo wa mashine, ina megahezi 33 na ushei, na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, megabaiti 2. Kompyuta aliyoibeba yule kijana ni kuukuu, imetoka ofisini kwa watu, lakini ina RAM ya gigabaiti 4. Kuitilia kadi kubwa ya picha kwa ajili ya gemu hizo ni kukodi fuso libebe mkungu mmoja wa ndizi. Nikamwekea emuleta iitwayo DuckStation, ambayo haiuzwi, na gemu ikacheza pale pale mbele ya mama yake.

Angekuwa anataka PlayStation 2 (PS2), muuzaji angekuwa na hoja kidogo. Mashine ile ya mwaka 2000 ina prosesa ya megahezi 294 tu, lakini haiko peke yake. Kuna vitengo vingine vya hesabu, cha picha na cha sauti, vyote vinafanya kazi kwa mpigo. Kompyuta inatakiwa iviige vyote bila hata kimoja kuchelewa. Emuleta yake inaitwa PCSX2, nayo kwenye kompyuta dhaifu utaona wachezaji wanatembea kama wana usingizi na sauti inakatakata. Hapo kweli utafute kompyuta yenye nguvu. Lakini PCSX2 yenyewe ni bure. Inaandikwa na watu wanaojitolea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na inashushwa kwenye tovuti yao bila kulipa senti.

Wengi hukwama kwenye BIOS, na hapo ndipo wajanja wanapokula. Unafungua emuleta, inakudai BIOS. Hiyo ni programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya mashine yenyewe, ndiyo inayoamka kwanza ukiwasha. Ya PlayStation ya kwanza ni kilobaiti 512, ya pili megabaiti 4. Ni mali ya Sony, kwa hiyo emuleta haiji nayo. Inatakiwa uitoe kwenye mashine yako. Na Tanga hii PS2 zilizokufa lenzi zimejaa juu ya makabati. Jamani, msiwape watu wa vyuma chakavu! Lenzi ikifa mashine bado inawaka, na ukichomeka memori kadi iliyotiwa FreeMcBoot, programu ya kuiamshia PS2 bila CD, unaihamisha BIOS kwenye flashi. Zile nyembamba za mwisho mwisho ndizo zinazokataa njia hii.

Kwa njia hiyo hiyo mnaokoa na kumbukumbu zenu za gemu. Kuna jamaa wa Barabara ya 12, kwenye Winning Eleven yake, ile gemu ya mpira, aliandika Coastal Union na African Sports kwa mkono wake, mchezaji mmoja mmoja. Zilikuwa kwenye memori kadi ya megabaiti 8. Tumezitoa, sasa ziko kwenye laptopu yake, na umeme ukikatika mechi inaendelea kwa betri.

CD nazo ziwahiwe. Hewa ya bahari haina huruma. Chukua CD ya zamani uiinue mbele ya balbu: ukiona vitundu vya mwanga, ujue ile rangi ya fedha imeanza kubanduka, na hapo hakuna wa kuirudisha. Iingize kwenye kompyuta yenye kisomeo cha DVD, utoe nakala. Ya PlayStation ya kwanza hutoka kama mafaili mawili, BIN na CUE, na yasitenganishwe. Ya PS2 kwa kawaida hutoka kama faili moja la ISO. Na wale wanaonunua flashi ya "gemu elfu kumi" barabarani, angalieni mwisho wa jina la faili. Likiishia na exe, kwa kawaida hiyo si gemu ya PlayStation, na huenda ni kirusi kinakusubiri ukibofye.

Wapo wanaosema emuleta ni wizi. Sony waliishitaki kampuni ya Connectix kwa kutengeneza emuleta ya PlayStation, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani ikaipa haki Connectix. Kugawa gemu na BIOS za watu ni jambo lingine, na hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Mtaniambia basi watu wanunue gemu halali. Sawa, wapi? Taasisi ya Video Game History Foundation ilichunguza gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba asilimia 87 haziuzwi tena. Huko kwao wenyewe, sembuse Tanga.

Nikumbushe na hili, maana linanichekesha mpaka leo. Zamani nililetewa TV nyingi "zimekufa rangi", kumbe nzima kabisa. CD ilikuwa ya Japani, inatoa picha ya NTSC, mfumo wa rangi wa huko, na TV zetu za mfumo wa PAL zikawa zinaionyesha nyeusi na nyeupe. Kwenye emuleta shida hiyo haipo.

Sina ugomvi na mtu kulipwa jasho lake. Kuweka emuleta, kupanga vitufe vya pedi na kutoa nakala za CD ni kazi inayokula muda, na mimi mwenyewe nalipisha. Mwenye lile duka, kama unasoma gazeti hili, kwenye risiti andika "ufundi" na bei yake, na hilo neno "leseni" ulifute.

Fundi Redio,
Ngamiani, Tanga