Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Filimbi Yetu ya Kwanza ya Mpingo

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa hapa Moshi na mliopanda basi alfajiri kutoka Arusha. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Itoshe kusema ada zimelipwa na hatudaiwi na mtu. Mimi naomba muda wenu kwa ajili ya filimbi.

Mwaka huu tumemaliza filimbi yetu ya kwanza ya mpingo kwa umbo la filimbi za Ulaya za karne ya 18, zile zinazopigwa zikiwa zimelazwa kando ya uso. Ina matundu sita ya vidole, kibonyezo kimoja tu cha shaba mguuni (kipande cha mwisho), na vipande vinne vinavyochomekana, viungo vikiwa vimezungushiwa uzi wenye nta. Tundu la ndani ya kichwa, kipande cha kupulizia, lina upana uleule mwanzo hadi mwisho, lakini kuanzia mwilini linazidi kuwa jembamba kuelekea mguuni. Mwaka 1847 Theobald Boehm wa Ujerumani aliugeuza mpangilio huo, na filimbi za chuma za leo zimetokana na kazi yake. Sisi tulichagua ile ya kabla yake kwa sababu inatengenezeka kwa kerezo, keekee, tupa na mkono uliotulia.

Mafundi wa enzi hizo walipenda zaidi mti wa Ulaya uitwao buksi. Mpingo ni mzito kuliko huo, hata ukiutia majini unazama, kwa hiyo tulipunguza unene wa kuta ili mpigaji asichoke mikono.

Sasa niseme kuhusu kichwa kilichopasuka, maana wengi mmeniuliza. Kosa ni langu. Pande la mti lilikuwa halijakauka, mafundi wakaniambia tusubiri, nami nikaharakisha kwa kuwa tulikuwa tumeahidi kuipiga kwenye mkutano wa Juni. Kilipasuka usiku, kabla hata ya kupakwa mafuta. Mpingo unatakiwa utobolewe tundu dogo kwanza, ncha zipakwe nta, uachwe upumzike miezi mingi, ndipo tundu lipanuliwe kufikia kipimo chake. Na filimbi mpya ikishakamilika, wiki za mwanzo ipigwe dakika kumi tu kwa siku. Unyevu wa pumzi huvimbisha mti kwa ndani wakati nje bado mkavu. Kichwa cha pili kilifuata utaratibu huo, na kimesimama imara.

Noti ya A ya filimbi yetu ni mitetemo 415 kwa sekunde, karibu nusu sauti chini ya vinanda vyetu vya 440. Tulipoipiga na kwaya, mpiga kinanda alikishusha nusu sauti kwa kitufe na wote tukaimba vizuri. Baadhi yenu mmependekeza tuikate iwe fupi ipande. Siungi mkono. Ukiikata, matundu yote yanapoteza mahali pake na sauti za juu zinakosana na za chini. Anayetaka ya 440 atengenezewe nyingine, kwa vipimo vipya.

Kuhusu miti, msimamo wangu haujabadilika: tutumie mabaki yenye vibali vya halali tu. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia umri wa kuvunwa. Tuko mji mmoja na kazi ya marehemu Sebastian Chuwa, aliyeanzisha mradi wa kuuhifadhi mwaka 1996 pamoja na James Harris wa Marekani. Itakuwa aibu kubwa sisi tununue gogo la wizi. Miche tuliyopanda ukanda wa chini inahitaji wa kuimwagilia kiangazi hiki, na orodha ya zamu iko kwa katibu.

Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kuumiza kifua. Kuanzia leo hakuna kukereza bila barakoa.

Mapande mawili ya filimbi ya pili yako rafu ya juu karakanani, yameandikwa tarehe kwa chaki. Naomba yasiguswe hadi masika ya mwakani yapite, hata kama mimi mwenyewe nitakuja kuyaulizia.