Makopo ya rangi ya kupuliza nayo yaseme Kiswahili

Mhariri,

Nikitaja fremu, wasomaji wasianze kuuliza kodi ya mwezi ni kiasi gani. Sina fremu ya biashara Ngamiani wala kwingineko. Nazungumzia fremu za picha, zile za ukutani. Nilikuwa nazo tano chini ya kitanda, zimeviringishwa kwenye shuka tangu baba alipofariki mwaka 2012, na mwaka huu nikaamua kuzirudishia sura kwa rangi ya kupuliza, ile ya kwenye kopo ambayo vijana wanaiita spreyi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nakaa Makorora hapa Tanga. Anayeujua mji wetu anajua hewa ya bahari inavyokula vitu: misumari inaota kutu, karatasi zinapiga ukungu, ubao unavimba na kusinyaa kila msimu. Fremu tatu zilikuwa za mbao laini zilizowahi kupakwa rangi ya dhahabu, ya nne ya plastiki. Ya tano, kubwa kuliko zote, ilikuwa ya mvule, na hiyo nitaifikia.

Nilinunua makopo mawili, moja nyeusi ya kung'aa na moja dhahabu, shilingi 6,000 kila moja. Muuzaji aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, rangi gani?" Akanipa makopo na chenji yangu. Kwenye kopo palikuwa na maandishi madogo kama ufuta, upande huu Kiingereza, upande ule Kichina. Macho yangu hayakuweza, nami kwa kiburi cha uzee nikajiambia rangi ni rangi.

Basi mwezi wa tano, masika yamekolea, asubuhi mvua imetoka kupusa, nikaweka fremu ya kwanza uani juu ya gazeti (lako, Mhariri, unisamehe) nikapuliza. Haikupita robo saa ile nyeusi ya kung'aa ikaota weupe kama kioo kilichopumuliwa. Nikaongeza rangi kuficha weupe, ikatiririka machozi pembe zote nne. Upepo wa kusi ukachukua iliyobaki ukaipeleka kwenye kamba ya jirani, akaja ameshika kanga ambayo jina lake lilisomeka nusu. Nilipoiinua fremu, gazeti likaja nayo. Hadi leo nyuma ya fremu ile pana nusu ya tahariri yako, na ukiinama unaisoma.

Ilibidi nimfuate fundi seremala wa barabara ya kumi na mbili, ambaye nilimfundisha hesabu darasa la nne. Alicheka kwa adabu kwanza. Akanieleza kwamba rangi ya kopo ina tina nyingi, yaani kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, na tina inapokauka haraka huondoka na joto, uso wa ubao unapoa ghafla. Hewa ikiwa na unyevu, maji hukaa pale pale ndani ya rangi ambayo bado mbichi, kama chupa ya soda inavyotoa jasho ikitolewa kwenye friji. Ule weupe ni jasho. Dawa yake ni kungoja jua, kupiga msasa mwepesi na kurudia. Nikangoja hadi mwezi wa saba.

Mara ya pili nilifanya kama nilivyoelekezwa, na kwa kweli ilikuwa raha ambayo sikuitegemea. Unatoa kioo, picha na ubao wa nyuma, vyote, usijidanganye kwamba utafunika kioo kwa gazeti. Unaosha fremu kwa maji ya sabuni, maana mafuta ya vidole na moshi wa jikoni wa miaka mingi hauonekani lakini rangi inauona. Ikikauka, unapiga msasa namba 120, kisha 240, si kutoa rangi yote ya zamani, ni kuukwaruza uso ili rangi mpya ipate pa kushika. Palipochimbika unaziba kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi nyeupe ya seremala, kesho yake unapiga msasa tena. Fremu yangu moja ilikuwa imebunguliwa ubavuni, ukiigonga inamwaga unga. Hiyo ilitiwa dawa kwanza ikakaa wiki nzima peke yake, kwa sababu kuwapaka rangi bungua ni kuwajengea nyumba.

Kisha kopo. Ndani yake mna gololi. Unatikisa mpaka uisikie inagonga, halafu unaendelea kama dakika mbili, kwa sababu rangi yenyewe huwa imelala chini na gololi ndiyo inayoiamsha. Unasimama umbali wa shibiri na ziada kidogo, tuseme sentimita 25. Mkono uanze kutembea kabla ya fremu na usimame baada ya kuipita. Ukianza na kumalizia juu ya ubao, ndipo machozi yanapotoka. Mpako wa kwanza uwe mwembamba kiasi cha kukutia wasiwasi, ubao bado unauona. Unangoja dakika kumi hivi, unarudia, mara tatu au nne. Fremu nimeiinua juu ya vizibo vya soda ili isinywe gazeti. Barakoa puani, kamba ya jirani tupu, na upepo mgongoni mwangu. Ile ya plastiki fundi alikataa nisiiguse bila praima ya plastiki, ile rangi ya kutangulia inayoshikisha rangi yenyewe, na kwa kuwa sikuipata dukani, bado iko chini ya kitanda.

Mjukuu wangu, aliyekuwa akinishikia kopo, alinisomea kwenye simu kwamba rangi ya namna hii ilianza mwaka 1949 kwa Mmarekani Edward Seymour, huko Illinois, ambaye alitafuta njia ya kuonyesha rangi yake ya alumini ya kupaka vyuma vya kupashia nyumba joto. Wazo la kuitia kwenye kopo la kupuliza lilikuwa la mkewe, Bonnie. Nikamwambia mjukuu: basi mama alitoa wazo, baba akatoa jina.

Sasa nifike kwenye fremu ya mvule. Baba alikuwa karani wa reli na fremu ile ilikaa sebuleni tangu sina meno ya ukubwani, ikiwa na picha ya Rais. Nilikuwa tayari na kopo la dhahabu mkononi. Fundi akanishika mkono kabisa, jambo ambalo hangethubutu darasa la nne. "Mvule haupakwi rangi, Mwalimu. Ni kumvika bibi harusi gunia." Tukapiga msasa hadi ile rangi yake ya kahawia ikatokea, tukapaka vanishi kwa brashi, mara mbili.

Kabla ya hapo ilibidi kuifungua. Tuling'oa vile visumari vilivyooza kimoja kimoja. Mbele alikuwa Mheshimiwa Kikwete. Nyuma yake, Mzee Mkapa. Nyuma ya Mkapa, Mzee Mwinyi. Na nyuma ya wote, ameganda kwenye ubao kwa ukungu, shavu moja limeingia madoa, Mwalimu Nyerere. Kumbe baba hakuwahi kumtoa mtu. Mwaka 1985, 1995, 2005, kila alipokuja mpya alimtanguliza mbele ya wenzake akapiga misumari. Sikuwahi kujua. Nilikaa kwenye kigoda uani muda mrefu, fundi naye akatafuta kazi ya kufanya upande wa pili.

Nisingekuandikia kwa hayo tu. Kopo jeusi lilipoisha nililitupa kwenye taka za uani. Kosa ni langu, simlaumu mtu. Jioni mjukuu akachoma taka kama kawaida ya Jumamosi. Mlio uliotoka, Mhariri, ulifanya kuku wapande mapaa na jirani yule yule wa kanga atoke na kiatu kimoja. Kopo liliruka likagonga ukuta wa choo. Mtoto alikuwa ameingia ndani kuchukua maji. Angekuwa amesimama pale na fimbo yake ya kuchochea moto, leo ningeandika barua ya namna nyingine.

Usiku ule nilimwambia aniletee kopo la dhahabu na miwani yangu ya kusomea, tukasoma pamoja ule ufuta. Yote yalikuwamo. Usipulize karibu na moto. Usitoboe wala kuchoma kopo hata likiisha. Tumia mahali penye hewa. Usipulize kwenye unyevunyevu. Ukimaliza, ligeuze kichwa chini ubonyeze hadi itoke gesi tupu, ili tundu lisizibe. Gesi inayosukuma rangi katika makopo mengi ya siku hizi ni ndugu wa ile ya mtungi wa jikoni, na kopo likionekana tupu, gesi inakuwa bado imebaki. Na mie huku nyumbani nina jiko la mkaa hatua nne kutoka pale nilipokuwa nikipuliza mwezi wa tano.

Nimefundisha Kiswahili miaka 34. Kopo la dawa ya mbu ninalonunua dukani limeandikwa Kiswahili, naelewa nifunge chumba kwa muda gani. Kopo la rangi linauzwa duka lile lile, rafu ya juu yake, kwa mafundi wa pikipiki, kwa akina mama, kwa mtoto yeyote mwenye 6,000, nalo limenyamaza. Naomba wanaoingiza makopo haya na wanaosimamia viwango watulazimishie karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe ubavuni, maneno manne makubwa: moto, hewa, watoto, usichome. Na wauza duka, wakati tunangojea hiyo karatasi, mteja akisema rangi gani anataka, mwambieni na hayo manne. Haichukui muda mrefu kuliko kuhesabu chenji.

Jirani nimemnunulia kanga, pea nzima.

Fremu mbili za dhahabu ziko ukutani na picha za harusi za wanangu. Ya mvule nimeirudisha sebuleni kwenye msumari wake ule ule. Mbele nimemweka baba, amevaa kofia ya reli. Nyuma yake wamo wote wanne kwa mpango wake, na misumari nimepiga mipya.

Mwalimu mstaafu,
Makorora, Tanga.