Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa tovuti ya wafanyabiashara wa mpakani: turudishieni maandishi yetu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Busia, upande wa Uganda. Tangu mlipotangaza kwamba tovuti itabadilishwa sura, nimeleta ofisini kwako barua mbili kwa mkono, zote zikagongwa muhuri wa kupokewa, na nakala zake ninazo. Kwa kuwa muhuri haujibu, nimeona hii ya tatu niiandike mbele ya watu wote.

Alhamisi iliyopita nilinunua magunia 40 ya mahindi Iganga na kuyaleta mpakani. Kwa miaka mingi kazi yangu ya kwanza alfajiri, kabla hata ya kuwasha jiko, imekuwa kufungua ukumbi wa wafanyabiashara katika tovuti yenu na kusoma yaliyoandikwa usiku: gari la nani limerudishwa, kipimo cha unyevu kimesoma ngapi, mkaguzi wa zamu anataka karatasi gani. Siku hiyo ukumbi haukuwapo. Palikuwa na picha ya mama anayecheka huku ameshika nyanya, na chini yake kiduara kinachozunguka. Kilizunguka mpaka bando la shilingi 1,000 likaisha. Nikaenda gizani, mahindi yangu yakasoma asilimia 15 ilhali kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 13.5, nikarudishwa. Nimeyaanika juu ya turubai kando ya barabara, nikayakusanya mara mbili kwa sababu ya mvua, nikalipa ghala na vibarua, na faida yote ikaishia hapo. Baadaye nikasikia kwamba wenzangu wawili walirudishwa Jumatano kwa kosa hilo hilo. Zamani wangeandika usiku ule ule, nami ningeanika huko huko Iganga.

Najua utasema kwamba tovuti haikuyalowesha mahindi yangu. Ni kweli, Mheshimiwa.

Lakini ukumbi ule ofisi yako ilitukabidhi ukiwa mtupu, na tukaujaza sisi: Msamia, Mteso, Mganda, na Mluhya wa upande wa Kenya, kila mmoja kwa Kiswahili chake. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka, kisha baada ya siku chache ikafungua kwa masharti, ni humo tulimofundishana kwamba sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni na kwamba mzigo uende na cheti chake. Ni humo mama mwenye bidhaa za chini ya dola 2,000 alimojifunza kuomba mwenyewe cheti rahisi cha asili ya bidhaa, badala ya kumlipa wakala amwombee. Maandishi hayo yote hayaonekani tena.

Maofisa wako walituita chini ya hema, wakatugawia soda, wakatuhakikishia kwamba tovuti mpya itakuwa nyepesi, kwamba Kiswahili kitabaki, na kwamba hakuna hata neno moja litakalopotea. Ahadi hizo tatu niliziandika nyuma ya risiti, na risiti ninayo. Katika yote ya siku ile, tulichopata kamili ni soda. Kiswahili, ambacho Katiba yetu inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na ambacho Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni, kwenye tovuti yako kimefutwa. Wanangu watakisoma darasani, mama yao asikione kwenye simu.

Nadhani, na unisahihishe nikikosea, kwamba walioichora tovuti hii waliichora kwenye kompyuta kubwa za ofisini, ambako intaneti hailipiwi na anayeitumia. Sisi tunanunua bando kwa siku, na tangu Julai 2021 lina kodi ya asilimia 12 ndani yake. Wengine hapa wanasema ni fedha za mradi zilizotakiwa kwisha kabla ya Juni. Hilo sipendi kuliamini.

Mwanangu anayesomea kompyuta amenieleza habari za Digg, tovuti ya Marekani iliyobadilishwa yote kwa mkupuo Agosti 2010, watumiaji wake wakalalamika, wakahamia Reddit, tovuti nyingine ya huko, kwa wingi. Reddit nao walipobadilisha sura mwaka 2018, waliiacha ile ya zamani iendelee kwa anayeitaka. Kwa hiyo jambo hili linawezekana. Nasi hatuna pa kuhamia: Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, na maandishi ya WhatsApp hupotea simu ikiibwa.

Siombi tovuti mpya ibomolewe. Mama wa nyanya abaki, na aendelee kucheka. Naomba ukurasa wa zamani ufunguliwe pembeni yake, kwa Kiswahili, ufunguke kwenye simu ndogo, na maandishi yetu yote yawe ndani. Kama ukurasa hauwezekani, basi Kiswahili na maandishi. Kama Kiswahili nacho ni kigumu, basi maandishi peke yake, hata yachapishwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani pale forodhani. Turudishieni maandishi yetu, Mheshimiwa.

Jumatatu napakia tena magunia yale yale 40, sasa yamekauka, na sijui mkaguzi wa zamu anataka karatasi gani.

Wako mtiifu,
Mfanyabiashara wa mahindi, Busia, Uganda