Wote wanasema harufu ya mdomo imekwisha, mbona mimi siamini?

Mpendwa Mshauri,

Salaam nyingi. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, mwalimu, nina mke na watoto wawili. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kuthubutu kuandika, maana jambo langu ni la aibu. Leo nimejikaza.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nimeinamia daftari la mtoto mmoja darasani, namwonyesha alipokosea kugawanya. Nikaona mashavu yake yametuna. Alikuwa amebana pumzi. Nilipoinuka ndipo akaiachia, polepole, kisha akaniambia, "Asante, mwalimu." Hakucheka wala hakumkonyeza mwenzake. Adabu yake ile ndiyo iliyonichoma, kwa sababu nilielewa kwamba haikuwa mara yake ya kwanza.

Jioni nilimuuliza mke wangu. Alinyamaza, akaendelea kukunja nguo, mwisho akasema, "Nilidhani unajua, baba watoto." Kumbe miaka yote aliyolala akiangalia ukutani, mimi nilidhani ndivyo alivyozoea kulala. Simlaumu hata kidogo, ni neno gumu kulitoa kinywani. Lakini wasomaji wenzangu nawaomba, kama mtu wako ananuka mdomo, mwambie. Pua huzoea harufu inayokaa nayo kutwa kucha, kwa hiyo mwenyewe hasikii kitu. Hata kupumulia kiganja ukanusa hakukupi jibu la kuaminika.

Nilianza kuhangaika peke yangu. Nikapiga mswaki mara nne kwa siku, na fizi zilipotoka damu nikadhani ni kwa sababu ya nguvu nilizotumia. Peremende hazikukosekana mfukoni. Nikanunua dawa ya kusukutua kali, yenye spiriti, ile inayochoma hadi machozi yanalengalenga. Baada ya muda mfupi mdomo ulikuwa mkavu na mke wangu aliisikia tena ileile. Watu wawili wakaniambia ni tumbo, nikameza dawa za tumbo kwa miezi mitatu. Sikupata nafuu.

Daktari wa meno ndiye aliyenifungua macho, na natamani ningeanzia kwake. Alipitisha kichuma chembamba kati ya jino na fizi, huku akimtajia msaidizi wake namba: tatu, tatu, tano, sita. Kumbe ni milimita. Fizi ikiwa na afya, kina cha nafasi hiyo hakizidi milimita 3, lakini mimi kwenye magego nilikuwa na mifuko ya 5 na 6, imejaa ugaga mgumu usiotolewa na mswaki wowote. Damu ile ilikuwa dalili ya ugonjwa wa fizi. Akanieleza kwamba humo, na kule nyuma kabisa kwenye ulimi, hujificha bakteria wasiohitaji hewa. Wanakula mabaki ya chakula, seli zilizokufa na makamasi yanayoshukia kooni, kisha wanatoa gesi za salfa, zikiwemo zile zinazolipa yai bovu harufu yake. Kati ya wenye tatizo hili, asilimia 80 hadi 90 chanzo chao kiko kinywani. Tumbo husingiziwa sana, alisema, ilhali njia ya chakula hukaa imejifunga mpaka mtu ameze au acheue.

Alinisafisha chini ya fizi kwa ganzi, siku nne tofauti. Akanifundisha kupitisha uzi katikati ya meno kila siku, na kukwangua ulimi kutoka nyuma kuja mbele, bila kukandamiza. Siku ya kwanza kikwangulio kilitoka na utando mzito wa manjano. Nilikiosha, nikarudia, ukatoka tena. Nilikaa pale kwenye sinki nikiutazama, nikimfikiria yule mtoto. Alinipa pia dawa ya kusukutua ya klorheksidini, ya wiki mbili tu, kwa kuwa ikitumiwa muda mrefu hutia meno madoa ya kahawia na kuharibu ladha. Daktari wa kawaida naye akanipima sukari, figo na ini, maana magonjwa hayo yakizidi huwa na harufu zake. Yote yako salama.

Miezi minne baadaye mifuko ilikuwa imerudi milimita 3, mmoja tu una 4. Damu imekoma. Daktari alisogea karibu, akaniambia nihesabu mpaka kumi kwa sauti, akanusa, akasema hasikii kitu kisicho cha kawaida. Mke wangu anasema hivyohivyo, na sasa analala ananiangalia.

Hapa ndipo shida yangu ilipo, Mshauri. Siamini.

Bado nasimama hatua mbili mbali na mtu. Mwanafunzi akijikuna pua, somo linanitoka kichwani. Mwalimu mwenzangu akifungua dirisha, najua ni mimi, hata kama chumba kina joto. Kila nipatapo nafasi najifungia chooni nalamba kifundo cha mkono, nasubiri kikauke, nanusa. Wakati mwingine nakwangua nyuma ya ulimi kwa kijiko, nanusa hicho. Na kila mara nasikia kitu! Daktari anasema karibu ulimi wa kila mtu ukikwanguliwa kule nyuma utatoa harufu fulani, na hiyo siyo inayomfikia anayezungumza nami. Nimemwelewa kwa akili, ila moyo umekataa.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba yako mambo mawili ya kweli bado. La kwanza, nina mzio wa pua. Nikimeza dawa za mzio, mate yanakauka, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa. Nisipomeza, pua inaziba, napumulia mdomo usiku kucha, makamasi yanashuka kooni, kinywa kinakauka vilevile. La pili, mara moja moja nakohoa punje ndogo nyeupe, laini, ambayo ukiiminya kwa vidole inanuka vibaya sana. Daktari ameniambia ni vijiwe vinavyojengeka kwenye mashimo ya tonsesi, havina madhara, nisukutue kwa maji ya chumvi. Mimi nimeanza kutamani tonsesi zitolewe kabisa. Naye ananisihi nisikimbilie kisu, kwani kwa mtu mzima ni upasuaji wenye maumivu makali, na kupona huchukua hadi wiki mbili, kwa ajili ya punje inayotoka mara moja kwa mwezi.

Safari ya mwisho aliniambia kwa upole kwamba wako watu ambao harufu huondoka na hofu ikabaki, na wengine hawajawahi kunuka kabisa ila wameshikilia kwamba wananuka. Akapendekeza nimwone mshauri wa saikolojia. Nilikasirika. Niliona kama ananiambia nimerukwa na akili, wakati mtoto yule alibana pumzi kweli na mke wangu aligeukia ukuta kweli. Sijarudi kwake tangu hapo, na miadi ya kuangaliwa fizi imepita wiki sita.

Naomba unisaidie, wewe na msomaji yeyote aliyepita njia hii. Je, ipo namna ya kutibu mzio bila kukausha kinywa, pengine dawa ya kupuliza puani badala ya vidonge, na nimuulize daktari yupi? Tonsesi niziache? Na kubwa kuliko yote: mtu asiyeweza kujinusa atajifunzaje kuamini pua za wengine, wakati watu haohao walimficha kwa miaka kwa kumhurumia? Mke wangu ananiapia kwamba safari hii hanifichi. Nampenda, na naona jinsi anavyochoka kuulizwa kila asubuhi. Jana alinijibu kabla sijafungua mdomo.

Niulize mara ngapi, Mshauri? Au niache kuuliza kabisa?

Wako,
Mwalimu wa hatua mbili