Daktari aliuliza: ilianza saa ngapi?

Ndugu Mhariri,

Shemeji yangu alikuwa anakunywa chai barazani, hapa Tandika, kikombe kikamponyoka. Dada akamkemea kwa kuchafua mkeka. Alipojibu, maneno yakatoka kama ya mlevi, na yeye pombe hajawahi kuionja. Mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Nilikuwepo, kwa hiyo lawama hii inanihusu na mimi. Mmoja akasema ni upepo mbaya, mwingine akamtaja jirani wanayegombana naye kiwanja. Tukamchua mkono kwa mafuta, tukamlaza apumzike, tukaanza kuwapigia simu wakubwa wa ukoo. Ustadhi alifika adhuhuri, akasoma, na kusema kweli ndiye wa kwanza kutuambia tumpeleke hospitali. Bajaji, foleni, tukafika alasiri. Daktari akauliza ilianza saa ngapi. Kila mtu akataja saa yake.

Maana ya swali lile niliielewa baadaye. Kiharusi ni mshipa wa damu wa ubongo kuziba au kupasuka. Ulioziba una dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze (walimu wa Kiswahili wanisamehe, nikiandika saa nne na nusu, wapo watakaodhani nasema asubuhi). Kwanza lazima kichwa kipigwe picha ya CT-Scan, kwa sababu dawa hiyo ikimwingia mtu ambaye mshipa umepasuka, damu inazidi kuvuja. Ndiyo maana hata aspirini ya dukani asipewe nyumbani. Uji na maji pia asipewe, koo huenda nalo limelegea akapaliwa. Najua si kila hospitali ina mashine na dawa hiyo. Lakini sisi tulichelewa hata kwa ile iliyo navyo vyote.

Kuitambua hali hii hakuhitaji daktari. Mwambie aoneshe meno, uone kama upande mmoja wa uso umelala. Ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Aseme sentensi ya kawaida. Kimoja tu kikigoma, tazama saa, iandike, ondokeni. Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi, ondokeni vilevile. Kikubwa huenda kiko njiani.

Shemeji alijulikana ana presha. Alipewa vidonge, akameza mwezi mmoja, akajisikia mzima, akaacha. Presha haiumi, hapo ndipo inapotudanganya. Leo anatembea kwa fimbo na mkono wa kulia haushiki mkasi, naye ni fundi cherehani.

Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 wilayani Hai na hapa Dar es Salaam ulikuta kwamba, tofauti za umri zikisawazishwa, kwa kila watu 100,000 wa hapa mjini kulikuwa na viharusi vipya takriban 316 kwa mwaka. Hai takriban 109. Miaka imepita na chipsi bado tunazimwagia chumvi, ile inayopandisha presha, kabla ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mchuzi, ya supu ya asubuhi na ya ng'onda.

Nina maombi mawili. Viongozi wetu wa misikiti, makanisa na serikali za mitaa, tunapochangishana spika mpya tuongeze na mashine ya kupimia presha, ikae hapo mtu apimwe bila nauli ya kwenda popote. Anayesoma 140/90 au zaidi mara kwa mara akamwone daktari. Na wewe Mhariri, ratiba ya ligi huikosi hata wiki moja. Tupe kipande cha ukubwa wa kadi ya mchango wa harusi chenye zile dalili tatu, na chini yake nafasi tupu ya kuandika saa. Mimi nitakata changu nikibandike mlangoni kwa dada.

Msomaji wako,
Tandika, Dar es Salaam