Mkibadili henza, kagueni na makapi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye mashua za tanga hapa Tanga. Mimi ni fundi wa kamba, Raskazone. Wanaong'oa henza za waya, yaani kamba za kupandishia tanga, na kuweka kamba za Dyneema, zile za nyuzi za plastiki zenye nguvu sana, nawaunga mkono kabisa. Waya ukianza kukatika nyuzi huchana viganja vya baharia, na uzito wake uko juu mlingotini, pasipotakiwa uzito. Kamba hii huelea majini, na kwa uzito uleule huishinda chuma kwa nguvu mara kadhaa.

Lakini kapi, jamani! Waya huchimba gurudumu la kapi, lile linalopitisha henza juu ya mlingoti, na kuliachia kingo kali. Kamba mpya ikipita hapo inalika. Pandeni mlingotini, pitisheni kidole, na likikwaruza libadilisheni. Fundo pia msifunge: kamba hii inateleza, na fundo huipunguzia nguvu vibaya sana. Ncha yake irudishwe ndani ya kamba yenyewe na kushonwa.

Kuna mwenye mashua aliyekataa kununua makapi mapya, nami nikakataa kumfungia kamba. Henza hiyohiyo ndiyo inayompandisha fundi juu ya mlingoti.

Fundi wa kamba,
Raskazone, Tanga