Jumamosi tunacheza, Jumapili tunatazama dabi

Habari za jioni wanamichezo.

Jumamosi tukutane uwanjani saa 12 kamili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mchango wa uwanja na maji ni 3,000 kila mmoja, nitumieni mapema. Mwenye mpira wa akiba aje nao tafadhali. Ule wetu umechubuka ngozi, ukilowa umande unakuwa mzito kama jiwe.

Jumapili ni Simba na Yanga, tunatazama kibandaumiza kilekile. Jezi zote ruksa, watu wa Msimbazi (Simba) na watu wa Jangwani (Yanga) benchi moja.

Ombi langu: timu za Jumamosi tusigawane kwa ushabiki. Tulipofanya hivyo, watu waliingia uwanjani wanakumbushana 5-0 ya Simba ya Mei 2012 na 5-1 ya Yanga ya Novemba 2023, mpira wenyewe ukasahaulika. Tutachanganyika. Mimi hufurahi sana nikiona mtu wa Yanga anampenyezea pasi mtu wa Simba, bao linaingia, wanakumbatiana na jasho lao.

Halafu kucheza kunanogesha kutazama, jamani. Tangu nianze kukaba kushoto, beki akipanda siuangalii mpira tena, naangalia nani anaziba nafasi aliyoiacha. Jaribuni Jumapili, kila mtu amfuatilie anayecheza namba yake.

Wenye magoti mabovu nanyi njooni, tunahitaji refa na mshika kibendera. Andikeni majina hapa kabla ya Alhamisi usiku nipange vikosi.